Pampu Bondeni, Tangi Mlimani: Redio Inapochukua Kazi ya Waya

Katika nyanda za juu za Kigoma, waya mrefu una maadui wengi. Mchwa hulifuata ganda lake, panya huuguguna, jembe la mtu anayelima maharage huukata bila yeye kujua, na anayejua bei ya shaba huufukua usiku. Lakini wote hao hawaifikii radi. Kasulu na Kibondo ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,200, pembeni mwa ukanda wa Maziwa Makuu, na ukanda huo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za setilaiti ya TRMM, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili ilikwenda Kabare, mashariki mwa Kongo, kwa wastani wa miale 205 hivi kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Kasulu si Kabare, ila mvua za Novemba hadi Aprili huku hazishuki kimyakimya, na kila fundi wa vifaa vya elektroniki anajua msimu ambao kazi za matengenezo humjia kwa wingi.

Sasa tazama sura ya nchi yenyewe. Watu wengi wa Buha, nchi ya Waha wa Kigoma, wanaishi kwenye migongo ya vilima, na maji yako mabondeni, kwenye chemchemi na vijito vinavyoelekea Mto Malagarasi. Mradi wa maji wa mahali kama hapa hupangwa hivi: pampu bondeni, tangi mlimani, kisha maji yashuke yenyewe kwenda kwenye vilula vya kijiji. Kati ya pampu na tangi kuna kilometa moja, mbili, wakati mwingine tatu za mashamba, migomba na makorongo. Na pampu inahitaji kujua jambo moja tu kutoka juu: tangi limejaa au bado?

Bila jibu hilo, mtu hupanda mlima kuchungulia, au mwendesha pampu hukisia kwa saa. Akikosea upande mmoja, maji humwagika pamoja na fedha ya dizeli au umeme ulioyapandisha. Akikosea upande mwingine, akina mama hufika kilulani na ndoo tupu na kurudi nazo tupu. Dawa ya kitaalamu ni kufunga kihisi cha kina cha maji kwenye tangi na kidhibiti kwenye pampu, viwili hivyo vizungumze. Lugha yao ni ya zamani kuliko vijana wengi wanaovifunga.

Lugha ya biti moja moja

Mwaka 1960 wenye viwanda vya elektroniki wa Marekani walikubaliana juu ya kanuni iliyoitwa RS-232, iliyoeleza namna mashine mbili zinavyopelekeana habari kupitia waya, biti moja ikifuata nyingine kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana njia hii huitwa siriali. Biti ya 1 ni volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sifuri, na biti ya 0 ni volti chanya za kiasi hichohicho. Kwa mwendo uliozoeleka wa biti 9,600 kwa sekunde, kila biti hudumu sehemu moja kati ya 9,600 za sekunde, na kila herufi huchukua biti 10 pamoja na zile za kuanzia na kumalizia. Ujumbe wa herufi 20, kama vile namba ya tangi, kina cha maji na hali ya betri, hupita kwa takriban milisekunde 21.

Kompyuta za nyumbani zimekwishaachana na tundu la siriali, lakini viwandani na kwenye mitambo halijaondoka. Mita za umeme, vidhibiti vya pampu za sola, mizani na vituo vya hali ya hewa bado vinaongea hivi, kwa sababu ni lugha rahisi na rahisi pia kuitafutia kasoro. Udhaifu wake ni umbali. RS-232 ilikusudiwa waya wa meta 15 hivi. Ndugu yake mdogo, RS-485 ya mwaka 1983, hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kupima tofauti ya volti kati yake, na kwa mwendo wa polepole hufika meta 1,200. Mtu anaweza kusema basi, tuchimbe mtaro.

Hapo ndipo radi inaporudi. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi. Ikipiga karibu na tangi, na athi ya pale ikiwa na ukinzani wa omu 10, basi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ardhi ya mlimani huwa na volti 300,000 zaidi ya ardhi ya bondeni. Hakuna haja ya radi kuugusa waya. Waya umeunganisha ardhi mbili zenye volti tofauti, na mkondo utapita humo kutafuta usawa, huku ukipenya kwenye chipu zilizotengenezwa kwa volti chache. Upande mmoja ukipigwa, pande zote mbili hufa. Kinga za radi na vitenganishi vya mwanga husaidia, ila kila kinga ina kikomo na ina bei.

Redio huutatua mkasa huu kwa njia ya moja kwa moja: kati ya bonde na mlima hakuna tena shaba. Ardhi ya juu inaweza kupanda volti inavyotaka, ya chini haitajua.

Kutoka Honolulu hadi vituo vya hali ya hewa

Wazo la kuutoa waya wa siriali na kuweka redio mahali pake lina zaidi ya nusu karne. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa Honolulu, kisiwani Oahu, na watumiaji waliotawanyika visiwani, na laini za simu zilikuwa ghali na mbovu. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake walianzisha ALOHAnet. Kila terminali ilifungwa redio ya UHF, na herufi ambazo zingepita kwenye waya zilipita hewani kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde. Mwendo huo bado ndio unaowekwa kwenye vifaa vingi vya siriali leo. Terminali zote zilitumia masafa mamoja ya kutuma, na mbili zikisema kwa wakati mmoja ujumbe uliharibika, kila moja ikasubiri kidogo na kurudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo wa kila mtu kusema atakapo, hewa haifanyi kazi yenye faida kwa zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, wahandisi wa Ericsson nchini Sweden walianza kazi iliyozaa Bluetooth, nao lengo lao la kwanza lilikuwa kuondoa kebo fupi kati ya simu na vifaa vyake.

Huku kwetu redio ilifika kwa mlango mwingine. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kupokea wakimbizi waliokimbia vita ya Kongo, simu za mkononi zilikuwa hazijafika maeneo haya. Mawasiliano yalikuwa ya redio koli: VHF kwa magari na vituo vya karibu, HF kwa miji ya mbali. Katika miaka hiyo mashirika ya misaada katika sehemu nyingi za Afrika yaliunganisha kompyuta na redio ya HF kupitia modemu, mara nyingi zile za PACTOR zilizobuniwa Ujerumani, na barua pepe zikasafiri herufi kwa herufi. Waya wa siriali ulitoka kwenye kompyuta, ukafika kwenye modemu, na kilometa mamia zilizobaki zikawa za hewa.

Mfano wa karibu zaidi na kazi ya pampu yetu ni mradi wa WIMEA-ICT, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Walibuni kituo cha hali ya hewa cha bei nafuu kwa Afrika Mashariki. Badala ya kuvuta nyaya kutoka kila kihisi, waligawa kituo katika vipande: kimoja juu ya mlingoti wa meta 10 kwa upepo, kingine meta 2 kwa joto na unyevu, kingine chini kwa mvua na udongo. Kila kipande kina redio yake ndogo na chanzo chake cha umeme, na vyote hutuma kwa kipokezi kimoja kinachopeleka habari mbele. Kipande kimoja kikiharibika, vingine vinaendelea. Hiyo ni faida ambayo haionekani kwenye orodha ya bei.

Kufunga, hatua kwa hatua

Moduli za redio za siriali zinazouzwa sasa, kama HC-12, ni ndogo kuliko kiberiti. Huwekwa mbili, moja kila upande, na zikipangwa sawa, kinachoingia kwa herufi huku hutoka kwa herufi kule, kama kwamba waya bado upo. Ugumu uko kwenye mambo madogo.

La kwanza ni volti. Moduli nyingi hutumia volti 3.3 au 5. Ukiziunganisha moja kwa moja na tundu la RS-232 lenye volti hasi na chanya, unaichoma moduli kabla haijasema neno. Katikati huwekwa chipu ya kubadili volti, kama MAX3232. La pili ni kupishanisha nyaya: mdomo wa kifaa uende kwenye sikio la moduli, na mdomo wa moduli uende kwenye sikio la kifaa. Kasoro nyingi za siku ya kwanza ni hiyo. La tatu ni mipangilio: moduli zote mbili ziwe na chaneli moja, mwendo mmoja wa hewani, na kama zina namba ya utambulisho, namba hiyohiyo. La nne, antena ifungwe kabla ya kuwasha umeme, kwa sababu nguvu isiyo na pa kutokea hurudi kwenye chipu ya kutuma.

Majaribio yaanzie mezani, si mlimani. Weka moduli pembe mbili za chumba, punguza nguvu yake, kisha kwenye moduli ya mbali unganisha mdomo na sikio lake kwa kipande cha waya. Kila ujumbe mfupi utakaoutuma utarudi kwako. Ukirudi ulivyo, kila kitu upande wa redio ni kizima. Ndipo uchukue pikipiki, upeleke moduli hiyo mlimani, na kuhesabu: kati ya jumbe 1,000 zilizotumwa, ngapi zimerudi? Hesabu hiyo ifanywe mchana wa jua, irudiwe baada ya mvua.

Mlima ni rafiki, mti si rafiki

Moduli ya miliwati 100 kwenye masafa ya megahezi 433 ina nguvu ya kutosha kabisa, kwa hesabu za karatasi, kuvuka kilometa 10 za uwazi. Mbona basi nyingine hunyamaza kabla ya kilometa moja? Kwa sababu mawimbi ya redio hayasafiri kwenye uzi mwembamba unaounganisha antena mbili. Yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kuuzunguka uzi huo, nafasi iliyopewa jina la Mfaransa Augustin-Jean Fresnel. Kwa kilometa 2 kwenye megahezi 433, katikati ya njia, nusu kipenyo cha yai hilo ni karibu meta 19, na zaidi ya nusu ya kipimo hicho inatakiwa iwe wazi. Uwanda wenye miti huliziba kirahisi. Bonde lenye mlima mbele yake huliacha wazi, kwa kuwa ardhi yenyewe imejishusha katikati.

Kwa hiyo sura ya nchi ya Kasulu na Kibondo, inayoufanya mtaro wa kebo kuwa ghali, ndiyo inayoirahisishia redio. Tatizo hubaki chini, kwenye pampu, ambako mikaratusi na migomba husongamana karibu na maji. Huko bomba la kuinua antena meta chache juu ya majani hufaa kuliko moduli yenye nguvu maradufu. Mvua yenyewe haidhuru masafa haya. Majani yaliyolowa ndiyo hunyonya mawimbi. Kama mgongo wa kilima umesimama kati ya pampu na tangi, redio ya tatu juu ya mgongo huo, yenye paneli ndogo ya sola, hupokea na kurusha upya.

Uchaguzi wa masafa nao una uzito. Kwa antena rahisi za aina moja na umbali uleule, mpokeaji wa megahezi 2,400 hupata nguvu sehemu moja kati ya 30 ya ile anayopata wa megahezi 433. Antena ya robo ya wimbi kwa megahezi 433 ina urefu wa sentimeta 17 tu, ambazo fundi anaweza kuzipima kwa rula. Teknolojia ya LoRa, iliyoanzia Grenoble, Ufaransa, na kununuliwa na kampuni ya Semtech mwaka 2012, hufika mbali zaidi kwa kukubali mwendo wa polepole, unaoshuka hadi biti 300 hivi kwa sekunde. Kwa kina cha maji kinachobadilika kwa saa, polepole si dosari.

Hewa, hata hivyo, ina wenyewe. Shirika la kimataifa la ITU limeigawa dunia katika kanda tatu, na Afrika iko pamoja na Ulaya katika kanda ya kwanza. Kwenye kanda hii, kipande cha megahezi 433.05 hadi 434.79 kimetengwa kwa vifaa vya viwanda, sayansi na tiba. Moduli ya HC-12 ina chaneli 100, kuanzia megahezi 433.4, kila moja ikipanda kwa 0.4, hadi 473.0. Piga hesabu: ni chaneli nne za mwanzo tu zenye kitovu ndani ya kipande hicho. Nyingine 96 ni shamba la mwingine. Vilevile moduli za megahezi 915 zinazoagizwa mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, na huku kwetu jirani zake ni masafa ya simu za GSM. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo yenye neno la mwisho juu ya masafa na nguvu inayoruhusiwa, na kuuliza mapema ni nafuu kuliko kung'oa mtambo uliokwishafungwa.

Ukimya una maana gani?

Baada ya yote haya, moduli zikiwa zimefungwa na herufi zikipita, fundi anaweza kudhani amebadilisha waya kwa waya usioonekana. Amebadilisha zaidi ya hapo. Waya ni njia ya watu wawili tu, na ujumbe hufika papo hapo. Redio huchelewa kidogo, huzungumza kwa zamu kama watu wa redio koli wanaongoja neno "ova", na mara mojamoja hupoteza.

Ucheleweshaji huo huvunja mitambo iliyozoea waya. Modbus, lugha iliyobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na inayotumiwa na vidhibiti vingi vya pampu, hutambua mwisho wa ujumbe kwa ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu. Kwa biti 9,600 hiyo ni milisekunde 4. Redio inayokata ujumbe vipande viwili na kuacha pengo la milisekunde 10 katikati humfanya msikilizaji aone jumbe mbili zisizo na maana, azitupe zote. Tiba yake ni kuiagiza redio ikusanye ujumbe mzima kabla ya kuurusha, na kumwagiza mwulizaji asubiri jibu kwa sekunde nzima badala ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kukiwa na matangi kadhaa, Hawaii imekwishatufundisha: bora pampu iulize moja moja kwa zamu kuliko yote yaseme yatakapo. Na kila ujumbe uwe na namba ya uhakiki mwishoni, ili ulioharibika njiani ujulikane, pamoja na namba ya mfuatano, ili wa zamani usichukuliwe kuwa mpya. Moduli za bei rahisi hazifichi wala hazifungi ujumbe, hivyo amri ya kuwasha pampu isikubaliwe kwa sababu tu imesikika kwenye chaneli.

Lakini swali kubwa huja pale ambapo hakuna kinachosikika kabisa. Betri ya mlimani imekufa, antena imeangushwa na upepo, au mbuzi amekwaruza mlingoti. Kwenye waya, ukimya ni ajali ya nadra. Kwenye redio ni jambo la kila wiki, na mtambo lazima uwe na jibu lake tayari. Pampu iliyoachiwa amri ya "endelea hadi uambiwe acha" itaendelea usiku kucha kwa sababu neno "acha" limepotea hewani. Amri sahihi imegeuzwa: tangi liseme kila dakika "bado nina nafasi," na pampu ifanye kazi kwa muda ule tu inaposikia hivyo. Dakika tano zikipita bila neno, ijizime.

Hata kanuni hiyo haifai kila mahali. Tangi la kituo cha afya likikauka, hasara ni kubwa kuliko maji kumwagika. Huko pampu inaweza kuruhusiwa kwenda bila habari kwa muda uliopimwa, mara moja au mbili kwa siku, huku boya la kawaida kwenye tangi likifunga maji yakifika juu. Uamuzi wa lipi ni baya zaidi, kukauka au kumwagika, hauko kwenye kitabu cha moduli. Ni wa wenye mradi, chombo cha watumia maji pamoja na fundi wao, na ufanyike kabla ya siku ya kufunga.

Radi nayo haijasamehe. Imepoteza njia ya waya tu. Mlingoti mrefu wa antena juu ya mgongo wa kilima huialika, kwa hiyo antena isipande zaidi ya inavyohitajika, mlingoti uwe na athi yake, na kinga ya radi iwekwe kati ya antena na moduli. Radi ikipiga licha ya hayo, kitakachoungua ni redio ya mlimani pekee, na pampu bondeni itabaki nzima, ikifuata ile kanuni yake ya dakika tano. Kamati ya mradi yenye moduli ya akiba kabatini, iliyokwishapangwa chaneli na namba yake, itarudisha mawasiliano jioni ileile bila kuchimba hata meta moja ya mtaro.